Mali Yavuna Umeme wa Jua

Huenda kijijini kwako yupo jirani aliyeweka bamba la sola juu ya bati, na jioni watoto huenda kwake kusomea taa yake, na vijana kuchaji simu. Ikiwa ndivyo, basi nusu ya habari hii waijua tayari. Kwa nusu iliyobaki, twende pamoja mpaka Mali, nchi ya Afrika ya Magharibi isiyo na bahari, ambayo upande wake wa kaskazini ni jangwa la Sahara. Huko jua halihitaji kuombwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukame mkali uliipiga nchi hiyo. Ng'ombe walikufa, na visima vifupi vikakauka. Katika mji wa San alikuwako padre mmoja, Bernard Verspieren, wa shirika la Mapadre Weupe, lile lile ambalo wengi wenu mnalijua tangu misioni za Tabora na Bukoba. Padre huyo alianzisha kazi ya kuchimba visima virefu, akaiita Mali Aqua Viva, yaani maji hai ya Mali. Maji yalipatikana, lakini yalikuwa chini sana. Pampu ya mkono hutoa kidogo, nayo huwachosha akina mama ambao tangu alfajiri wana kazi tele. Mashine ya dizeli hutoa mengi, lakini dizeli yapasa iletwe kutoka mbali, na ikikosekana kijiji hurudi kwenye kiu yake.

Mwaka 1977, katika kijiji cha Nabasso, iliwekwa pampu ya kwanza ya jua katika nchi hiyo. Namna yake ni rahisi kuieleza. Mwanga ukianguka juu ya mabamba, umeme huanza kupita katika nyaya. Umeme huzungusha mota, na maji hupanda mpaka kwenye tangi. Jua likichwa, pampu hulala, lakini tangi limejaa. Angalia vizuri jambo hilo la tangi, maana tutalirudia.

Padre Verspieren hakupenda kuwapa watu pampu kama zawadi ya kutazamwa tu. Aliwataka watu wa kijiji watoe mchango wao, na aliwafundisha mafundi wa kuzitunza. Huenda wewe utasema ni ukali kuwadai fedha watu waliotoka katika njaa. Mimi nadhani alifanya vema. Mwishoni mwa miaka ile ile, huko Diré, kando ya mto Niger, ulijengwa mtambo mkubwa zaidi wa jua, wa namna nyingine: joto la jua lilipasha maji moto, na joto hilo likaendesha injini. Ulikuwa na sehemu nyingi, na gharama nyingi, na mafundi wake walitoka ng'ambo. Haukudumu. Jua la Diré halikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni mikono ya kuutengeneza.

Sasa tuje kwenye mitambo ya siku hizi. Mwaka 2020 mtambo wa Kita, upande wa magharibi, ulianza kutoa umeme, megawati 50 jua linapowaka sawasawa. Wakatoliki wa Mali wanaifahamu Kita kwa sababu nyingine pia: misioni ya kwanza ya nchi yao ilianzishwa huko mwaka 1888, na kwa miaka mingi wamehiji huko kwa Bikira Maria. Usidhani mtambo huo ni kitu tofauti na pampu ya Nabasso. Ni mabamba yale yale, lakini kwa maelfu, yamepangwa safu kwa safu kama mahindi shambani, na umeme wake huingia katika nyaya zinazokwenda mijini.

Kwa nini Mali wana haraka? Kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wao hutoka katika mashine za mafuta, na mafuta mengi huja kwa malori kutoka nchi za pwani. Mwaka 2023 na 2024 kampuni ya umeme ilielemewa na madeni, ikawa umeme wakatika Bamako kwa saa nyingi kila siku. Fikiri habari ya fundi cherehani aliyekaa mbele ya cherehani yake ya umeme akingoja, au mama muuza samaki ambaye barafu imemshinda bei. Mwaka 2025 ikaja shida nyingine: watu wenye silaha waliyachoma malori ya mafuta njiani, hata serikali ikafunga shule kwa majuma mawili. Jua halina lori la kuchomwa.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mabamba hayatoi kitu usiku, nao usiku ndio wakati jamaa zote huwasha taa. Hapo ndipo tunaporudi kwenye lile tangi. Mali ina bwawa la Manantali, inalolitumia pamoja na Senegal na Mauritania. Mchana jua likifanya kazi, maji ya bwawa yaweza kuwekwa akiba, kisha jioni yafunguliwe yaendeshe mashine. Mahali pasipo na bwawa hapana budi kununua betri kubwa, na betri si mali ya bei ndogo. Tena upepo wa harmattan huleta vumbi la jangwani, na bamba lenye vumbi ni kama jicho lenye mtoto wa jicho. Lazima lisafishwe, na maji ya kulisafishia yatafutwe.

Iko pia habari ya ardhi. Mwezi wa Mei 2024 kazi ya kujenga mtambo wa megawati 200 ilifunguliwa Sanankoroba, karibu na Bamako, katika eneo linalozidi hekta 300. Wewe mkulima wajua hekta 300 ni mashamba ya watu wangapi. Na mtambo ukiisha kujengwa hauhitaji vibarua wengi. Wachache wa kufagia, kulinda na kusoma vipimo wanatosha. Kwa hiyo ni haki watu wa mahali hapo waulize mapema watalipwa nini, na kama nyaya zitapita juu ya mapaa yao tu au zitaingia ndani.

Kwa maana vijiji vingi vya Mali viko mbali na nyaya kubwa. Umeme wa mitambo hiyo utakwenda kwanza Bamako na miji mingine. Huko vijijini, maji bado yatapandishwa na mabamba machache yaliyosimama kando ya kisima, pamoja na fundi mmoja wa hapo hapo mwenye spana na kitambaa cha kufutia vumbi.