Kiingereza cha mkataba: "corn" si mahindi kila mahali

Mfanyabiashara wa nafaka anayevuka Namanga au Mutukula hukabidhiwa makaratasi ya Kiingereza, na Kiingereza nacho kina lahaja. "Corn" kwa Mmarekani ni mahindi; Uingereza neno hilo lilizoeleka kwa nafaka yoyote, hasa ngano. Tarehe 3/4 London ni 3 Aprili, New York ni 4 Machi. Heri mwezi uandikwe kwa jina.

Sarufi ndiyo inayouma zaidi. Kwenye mkataba, "shall" kwa kawaida humfunga muuzaji kufikisha mzigo. "May" humwachia hiari. Wengi hukagua bei na kilo, wakaruka kitenzi hicho kidogo. Aliyekwisha kulipa kwa karatasi ya "may" hubaki mpakani akipiga simu isiyopokelewa.