Kura Kabla ya Pongezi

Mkuu wa chuo akikuonyesha kwamba wanafunzi wapya waliopitia programu yake ya maandalizi wanafaulu kuliko wenzao, usikimbilie kumpongeza. Muulize kwanza waliingiaje humo. Kijana anayekubali kutoa likizo yake kwenda kusoma hesabu kabla chuo hakijafunguliwa tayari ana ari yake, na pengine ana nauli na wazazi wasiotegemea kibarua chake. Huenda angefaulu hata bila programu. Na chuo kikiwachagua walio dhaifu kabisa, programu nzuri itaonekana mbovu.

Dawa ni kura ya bahati nasibu. Kiangazi cha 2009, vyuo 8 vya Texas viliwagawa kwa kura wanafunzi zaidi ya 1,300 ambao hesabu, kusoma au kuandika kwao hakukufikia kiwango cha chuo. Walioangukiwa na kura walifundishwa wiki 4 au 5, na waliomaliza wakapewa posho ya hadi dola 400. Wengine waliendelea na huduma za kawaida. Kura haimjui mwenye bidii wala mwenye nauli, kwa hiyo makundi mawili yalianza yakifanana. Hata aliyepata nafasi akaacha kuhudhuria alibaki kuhesabiwa upande wake. Ukimwondoa, unarudisha ule upendeleo ulioukimbia.

Mwanzoni matokeo yalitia moyo: waliopata nafasi walifaulu zaidi somo la kwanza la hesabu na la uandishi la ngazi ya chuo. Tathmini nyingi hukomea hapo, na hapo ndipo zinapotupotosha. Watafiti wa jaribio hilo la Texas walisubiri miaka 2, wakakuta tofauti imeyeyuka. Waliobaki chuoni walikuwa karibu sawa pande zote, na masomo waliyokamilisha vilevile. Siwalaumu vijana wala walimu wao. Wiki 5 haziwezi kubeba kodi ya nyumba ya Novemba, wala zamu ya usiku inayogongana na mtihani.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilishika njia nyingine mwaka 2007, kwa programu iitwayo ASAP. Mwanafunzi husoma kwa muda wote, naye hupewa mshauri anayemfahamu, vitabu, kadi ya treni na basi, na ada iliyopelea hufidiwa, kwa miaka hadi 3. Taasisi ya utafiti ya MDRC ilipiga kura kati ya wanafunzi 896 wa kipato cha chini waliohitaji kozi za kujazia mapengo. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya waliopata nafasi walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao.

Wahasibu hushtuka: kila mwanafunzi aligharimu takriban dola 16,300 zaidi. Lakini gawa gharama yote kwa idadi ya waliohitimu, si ya walioandikishwa, na kila mhitimu wa ASAP anakuwa nafuu kuliko mhitimu wa upande wa pili. Vyuo 3 vya Ohio viliiga mpango huo, vikapimwa kwa kura vilevile, na idadi ya wahitimu ikakaribia kuongezeka maradufu.