Je, Wajua? Polisi Wakibisha Hodi Usiku

Kwa kawaida, hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo. Upekuzi wa usiku unahitaji ruhusa ya mahakama, isipokuwa penye dharura inayotambuliwa na sheria. Hayo yamo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inayomlinda mkazi wa Sola, mkoani Simiyu, sawasawa na wa Dar es Salaam.

Vitu vikichukuliwa, afisa hutoa stakabadhi inayosainiwa na mwenye nyumba na mashahidi. Isome yote kabla ya kutia saini! Kitu ambacho hakikukutwa kwako kisiandikwe humo, maana karatasi hiyo ndiyo itakayofika mahakamani.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu. Muda wa msingi wa kuhojiwa ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8. Ila muda wa kusafirishwa hadi kituoni hauhesabiwi, jambo zito kwa wanaoishi vijijini. Na dhamana ya polisi ni bure. Asikudai mtu hata shilingi.