Je, Wajua? Dakika Mbili za Kwanza za Filamu ya Buzuruga

Kuna kazi ambayo wanafunzi wa filamu hupewa mapema: tengeneza mwanzo wa filamu mpya, usizidi dakika mbili, na majina ya walioshiriki yaonekane humo humo. Uingereza kazi hiyo imewahi kuwa sehemu ya mtihani wa somo la vyombo vya habari. Ukichagua uhalisia wa kijamii, yaani mkondo unaowafuata watu wa kawaida mahali wanapoishi na kuhangaikia riziki, huna haja ya kupanda ndege. Buzuruga, hapa Mwanza, inatosha. Katika dondoo hizi 22 nina neno moja la kumwambia mwanafunzi: tuonyeshe mikono ya mtu ikiwa kazini kabla hujatuonyesha shida yake.

MKONDO ULIKOTOKA

1. Je, wajua kwamba uhalisia wa Waingereza una mizizi kwa wavuvi? Mwaka 1929 John Grierson alitoa Drifters, filamu isiyo na sauti kuhusu wavuvi wa Bahari ya Kaskazini: nyavu zinatupwa, zinavutwa, samaki wanafikishwa sokoni. Mtu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba angeielewa bila mkalimani.

2. Waingereza huuita mkondo huu "sinki la jikoni". Jina lilitokana na makala ya mhakiki David Sylvester ya mwaka 1954 kuhusu wachoraji waliochora vyombo vya nyumbani, kisha likahamia kwenye tamthilia na filamu. Kwetu sinki ni la wachache. Tuna beseni la vyombo uani, jiko la mkaa, na ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sahani. Filamu inaweza kuanzia hapo.

3. Februari 1956, Lindsay Anderson, Karel Reisz, Tony Richardson na Lorenza Mazzetti walionyesha filamu zao fupi kwa pamoja katika ukumbi wa National Film Theatre, London. Walijiita Free Cinema, sinema huru. Fedha zao zilikuwa kidogo, lakini hawakungoja studio kubwa iwaite.

4. Je, wajua kwamba mojawapo ya filamu kubwa za mkondo huu inaanzia kwenye kiwanda cha baiskeli? Saturday Night and Sunday Morning (1960) ya Karel Reisz inafunguka ndani ya kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham, jina ambalo wazee wa Usukumani wanalijua vizuri. Arthur Seaton, anayeigizwa na Albert Finney, yuko kwenye mashine akihesabu vipuri anavyotengeneza, huku tukisikia mawazo yake. Alan Sillitoe, aliyeandika riwaya na muswada, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Muda mfupi tu, na tayari tunaijua kazi ya Arthur, kasi yake na kiburi chake. Hakuna aliyetuambia kwamba ni maskini.

5. Kes (1969) ya Ken Loach inaanzia gizani. Ndugu wawili wanalala kitanda kimoja, saa inalia, mkubwa lazima aende kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Kitanda kimoja kimeeleza kipato cha nyumba nzima. David Bradley, aliyecheza kama Billy, yule mdogo, alikuwa mwanafunzi wa huko huko Barnsley.

6. Filamu hiyo hiyo ina somo la tahadhari. Katika tukio la wanafunzi kuchapwa ofisini kwa mwalimu mkuu, viboko vilikuwa vya kweli na watoto hawakuwa wameandaliwa kwa hilo. Wewe usifanye hivyo. Mtoto aigize kwa ridhaa yake na ya mzazi, akijua kitakachotokea. Uhalisia haumpi mtu ruhusa ya kumuumiza mwenzake.

7. Tarehe 16 Novemba 1966, BBC ilirusha Cathy Come Home, kazi nyingine ya Loach, kuhusu familia changa inayopoteza makazi hatua kwa hatua. Filamu inaanza na Cathy akiwa kando ya barabara akiomba lifti, binti mwenye matumaini yake. Anguko linauma kwa sababu tulimwona kwanza akiwa amesimama.

8. Je, wajua kwamba unaweza kuanza bila picha yoyote? I, Daniel Blake (2016), iliyompa Loach tuzo ya Palme d'Or ya tamasha la Cannes kwa mara ya pili, inafunguka kwa skrini nyeusi na sauti mbili: fundi seremala mgonjwa na mtu anayemhoji kama anastahili msaada wa serikali. Majina yanapita huku tukisikiliza. Kwa mwanafunzi mwenye simu moja, njia hiyo haina gharama.

9. Andrea Arnold alimpata mwigizaji mkuu wa Fish Tank (2009) kwenye stesheni ya treni. Katie Jarvis, ambaye hakuwahi kuigiza, alionekana hapo akigombana na mpenzi wake. Mwaka huo filamu ilipata Tuzo ya Jopo la Majaji huko Cannes. Stendi zetu zimejaa nyuso ambazo hakuna aliyewahi kuziuliza kama zingependa kuigiza.

10. Kabla ya Free Cinema, Waitaliano walikuwa wamefungua njia. Katika Bicycle Thieves (1948), Vittorio De Sica alimpa nafasi kuu mfanyakazi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani. Kisa chote ni baiskeli iliyoibwa, ambayo bila hiyo kazi haipo. Iweke bodaboda mahali pa baiskeli, na hadithi inahamia Nyakato jioni hii hii.

KWETU NASI TUNA HISTORIA

11. Je, wajua kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937 filamu zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara? Ulikuwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Mwafrika alionekana kwenye picha, ila aliyeamua picha ianzie wapi alikuwa mtu mwingine.

12. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alikuwa nyota wa filamu kabla ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Mgeni anayeshuka akiwa na mzigo wake ni mwanzo ambao bado haujachuja.

13. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu, filamu fupi kuhusu mwanamke mgonjwa anayeogopa kwenda kwa mganga wa jadi. Mwaka 2013 Amil Shivji akatoa Shoeshine, filamu fupi inayotazama jiji la Dar es Salaam kutoka kwa mvulana anayeng'arisha viatu. Shivji huyo huyo aliifikisha Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021.

14. Je, wajua kwamba filamu iliyolitangaza zaidi jina la Mwanza duniani iliongozwa na mgeni? Ni Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper kutoka Austria, filamu ya hali halisi kuhusu sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo na watu wanaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki. Iliteuliwa kuwania Oscar na ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani, na wakazi wengi wa Mwanza walilalamika kwamba jiji lao limechafuliwa.

Itazame picha yake ya kwanza: kivuli cha ndege kinateleza juu ya maji ya ziwa. Kisha tunaingia kwenye mnara wa uwanja wa ndege, ambako mwongoza ndege anahangaika na wadudu dirishani. Tumeingia Mwanza kutoka angani, kwa macho ya anayekuja kuchukua. Ni picha yenye nguvu, na hapo ndipo ubishi wote unapoanzia, kwa sababu picha ya kwanza humwambia mtazamaji asimame upande gani. Aliyezaliwa hapa hujibu kwa kuiweka kamera chini, usawa wa kiuno cha mama anayebeba beseni la dagaa, na kumfuata hadi anakokwenda.

LOKESHENI NA KAZI YENYEWE

15. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mwanafunzi aende na barua ya chuo. Kisha abishe hodi kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wasimamizi wa stendi. Anayeeleza nia yake mapema huwa hafukuzwi katikati ya shoti.

16. Kata ya Buzuruga iko Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Kwa miaka mingi stendi yake ilikuwa mlango wa abiria wa Magu, Bunda, Musoma na Tarime. Stendi hukupa bure vitu ambavyo mwandishi wa muswada huhangaika kuvitafuta: mtu anayeondoka, mtu anayebaki, muda unaokwisha, na nauli isiyotosha.

17. Je, wajua kwamba mwaka mzima jua la Mwanza huchomoza kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 asubuhi? Karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo mwanga laini wa alfajiri haudumu. Fanya mazoezi jana yake. Asubuhi ni ya kupiga tu.

18. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni ila kamera inaona, na ukuta wa mgahawa utakuwa na mistari inayotembea. Weka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100, mistari itaondoka. Na usiidharau simu yako: Sean Baker alipiga Tangerine (2015) kwa simu za iPhone 5s.

19. Sauti ndiyo inayowaumbua wengi. Kabla ya kuondoka kila mahali, nyamazeni, mrekodi mazingira matupu kwa dakika moja nzima: injini zinazonguruma, wapiga debe, chapati inayochomwa, adhana ya mbali. Dakika hiyo itaziba nyufa zote wakati wa kuhariri. Muziki unaopigwa kwenye daladala, hata hivyo, una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda, basi omba ruhusa au rekodi wakati redio imezimwa.

20. Kes ilipopelekwa nje, baadhi ya mazungumzo yalirekodiwa upya kwa sababu lafudhi ya Yorkshire ilionekana ngumu. Leo lafudhi hiyo ni sehemu ya heshima ya filamu. Mwache mwigizaji wako aongee Kiswahili cha Kanda ya Ziwa, na bibi akisalimiwa kwa Kisukuma "mwangaluka", mwitikio ubaki hivyo hivyo. Kiswahili cha taarifa ya habari kinamvua mtu kwao.

21. Dakika mbili ni sekunde 120, sawa na picha 3,000 kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde. Mfano wa kuzigawa ni huu:

Sekunde 0 hadi 15: skrini nyeusi, sauti ya maji yakimiminwa, redio ya jirani, jina la kwanza linatokea. 15 hadi 40: mikono ya binti inapanga chupa za maji kwenye beseni, anazihesabu kwa sauti ya chini, kisha anairudia chupa ya mwisho na kuifuta vumbi. 40 hadi 65: kamera inamfuata kwa nyuma, uchochoroni hadi barabara kuu, majina yakiendelea kupita. 65 hadi 95: stendi. Anainua beseni dirishani mwa basi. Mkono wa abiria unachukua chupa. 95 hadi 115: basi linaondoka kabla hajalipwa, anakimbia kandokando yake, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine unagonga bati la basi. 115 hadi 120: kelele zinakatika. Jina la filamu.

Hajalia wala hajaeleza lolote, lakini mtazamaji anaidai ile pesa pamoja naye, kwa kuwa aliziona chupa zikihesabiwa. Ukianza na abiria akitoroka na chupa, unabaki na tukio la wizi mdogo. Ile chupa iliyofutwa vumbi ndiyo inayotupa mtu.

22. Je, wajua kwamba ziwa hili lilizaa mwanauhalisia wake zamani? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasiojaliwa mtoto kwa muda mrefu. Humo aliweka kila kitu alichohofia kitasahaulika: kulima, kuvua, kutengeneza pombe, namna ya kuwapokea wakwe. Hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata, kitabu kilichochapwa kikiwa hakijamfikia mkononi.

Miaka 35 ya kungoja. Mwanafunzi wa Buzuruga hana wa kumngoja kiasi hicho. Binti yule wa maji yuko stendi, na kesho kabla ya saa 1 mwanga utakuwa umefika.