Chuo na Wodi Ni Ndugu

Kipalapala ipo karibu na Tabora, kwenye njia kuu ya misafara ya zamani. Katika njia zile walipita watumwa wenye minyororo. Ndimo pia ilimopita elimu ya uganga.

Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, yapata mwaka 1866. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Aljeria. Baadaye alipelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wenzake. Mapadre waliwalea nyumbani mwao, bali uganga walifundishwa katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akaponya wagonjwa na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Nyumba mbili zilishikana mikono. Matunda yake yakaliwa miaka 67.

Huko London nako, mwaka 1860, Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi ndani ya hospitali ya St Thomas'. Shule ilikuwa na mfuko wake wa fedha; hospitali ilitoa wodi na wauguzi wakubwa wa kuwaongoza wanafunzi.

Katika mkoa wetu wa Tabora, huko Ndala na Nkinga, chuo cha uuguzi kimejengwa pamoja na hospitali. Ni jambo jema, kwa kuwa mwanafunzi aweza kujizoeza kudunga sindano juu ya mwanasesere, lakini mwanasesere haumii wala haogopi. Huruma hujifunzwa kitandani pa mgonjwa.

Walakini ujirani peke yake si mapatano. Hospitali yenye watu wachache hushawishika kumfanya mwanafunzi kuwa mtumishi wa bure. Nacho chuo hushawishika kumtupa wodini na kumsahau. Kamba hukatika pabovu, na anayeanguka ni mgonjwa. Kwa hiyo pande zote mbili sharti zipatane waziwazi: nani atamsimamia mwanafunzi, atajifunza kazi zipi, na nani atajibu dawa ikikosewa.

Ninyi wazazi, mtakapompeleka binti au kijana wenu kusomea uuguzi, msiulize karo tu. Ulizeni pia: wodini ataongozwa na nani? Nanyi walimu, wakumbusheni watoto yule Msamaria: aliyafunga majeraha kwa mikono yake, kisha akapatana na mwenye nyumba ya wageni amtunze mgonjwa. Kazi ya rehema yahitaji wote wawili.