Je, Wajua? Tone la Maji Laweza Kupita Sifuri Bila Kuganda

Shusha tone dogo la maji safi hadi nyuzi 0 za Selsiasi, kisha ngoja. Haligandi. Lishushe nyuzi 10 zaidi. Bado ni maji. Matone safi, madogo kama ya mawinguni, huvumilia hadi kama nyuzi 38 chini ya sifuri. Barafu inataka pa kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo, hata bakteria. Kuna bakteria wa majanini, Pseudomonas syringae, anayeweza kugandisha maji kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Wakulima wa nchi za baridi wanamjua kwa hasara.

Wanaochunguza mambo haya hujiundia jukwaa la baridi. Kazi kubwa hufanywa na kigae cha Peltier, kile kile kilichomo kwenye vijifriji vya gari: pitisha umeme, upande mmoja unapoa, wa pili unapata moto. Jean Peltier, Mfaransa aliyewahi kuwa fundi saa, alilibaini hilo mwaka 1834. Mwaka 1838 Emil Lenz akaweka tone la maji pale bismathi inapokutana na antimoni, likaganda. Akageuza mkondo wa umeme, likayeyuka.

Upande wa moto lazima upozwe kwa feni au maji yanayozunguka, la sivyo joto linapanda tena juu. Hewa nayo ikaushwe, kwa kawaida kwa naitrojeni, maana jalidi ikitambaa kutoka tone moja hadi jingine inayaambukiza yote.

Kinachosumbua hasa ni kipimajoto. Kimechomekwa ubavuni mwa bamba la alumini linalobeba matone, kwa hiyo kinasoma joto la bamba, si la tone. Ndiyo maana bamba hupozwa polepole, mara nyingi nyuzi 1 kwa dakika. Ubishi juu ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba aliyeona mwaka 1963 aiskrimu yake ya moto ikitangulia kuganda kabla ya iliyopoa, umenasa hapo hapo: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kuwa kipimajoto kikisogezwa juu au chini kidogo tu chomboni, majibu hubadilika.

Kamera hungoja juu ya matone. Tone linang'aa, linang'aa, ghafla linafifia kuwa jeupe, na joto lake linaruka kurudi sifuri. Kisha barafu inapanda taratibu kutoka chini, na kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko maji, kileleni inachomoza ncha kali kama ya kitunguu.