Kabla ya Kuuza Nyavu: Kuchagua Mji wa Kuhamia Wakati Huna Kazi Mkononi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi katika Ziwa Mweru upande wa Zambia hufungwa ili samaki wapate kuzaliana. Nyavu huanikwa, mitumbwi hupandishwa mchangani, na fedha iliyopatikana Novemba huanza kupungua. Ndiyo miezi ambayo vijana wa Nchelenge na Kashikishi huzungumza sana habari za kuhama. Na si wavuvi tu. Kibarua aliyesimamishwa kwenye shamba la chai la Kawambwa, au fundi aliyepunguzwa kazi Mansa, naye hukaa kwenye mazungumzo hayo hayo, na wote huulizana swali moja: mji gani una kazi?

Ndugu wafanyakazi, swali hilo lina jibu kila siku, na kwa kawaida jibu lake huchelewa. Habari ya kazi ikifika Kashikishi imekwisha kupita Mansa, Mufulira na Kitwe, na watu wa huko wamekwisha kupanga mstari getini. Mtu anayehama bila kazi mkononi anahitaji swali jingine: mji gani nitaweza kukaa miezi mitatu bila kazi nisiharibikiwe? Makala haya yanajaribu kueleza namna ya kulijibu.

Kuhama kutoka mwambao huu ni jambo la zaidi ya miaka mia moja. Kabla machimbo ya Ukanda wa Shaba hayajapanuka mwishoni mwa miaka ya 1920, watu wa Luapula walivuka mto kwenda Katanga kuchimba shaba ya kampuni ya Union Minière, na kujenga mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Baadaye Luanshya, Nkana na Mufulira zikawaita. Halafu bei ya shaba ikaanguka duniani. Waafrika walioajiriwa katika machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini walikuwa zaidi ya 30,000 mwaka 1930. Mwishoni mwa 1932 hawakufika 7,000. Waliobaki bila kazi walirudi vijijini kwao, na wa Luapula walirudi mtoni na ziwani. Jambo hilo lilijirudia. Bei ya shaba ilianguka tena katikati ya miaka ya 1970, na machimbo ya serikali yaliuzwa kwa makampuni kuanzia mwaka 1997. Kila mara kulikuwa na watu waliopoteza kazi mjini wakaja kushika nyavu Mweru, wengine wakivua chisense, yale dagaa madogo yanayovuliwa usiku kwa taa.

Tunasema haya kwa sababu moja. Nyavu, mtumbwi na shamba la mihogo ndivyo vitu vilivyompokea mfanyakazi kila shaba ilipomtupa. Anayeviuza ili apate nauli anauza njia ya kurudi. Afadhali aviache kwa ndugu kwa mapatano yanayojulikana na mashahidi wawili watatu, au avikodishe, hata kama nauli itachelewa kupatikana mwezi mmoja.

MIJI YA BOMBA MOJA LA MOSHI

Mji wenye mwajiri mmoja mkubwa humvutia sana mgeni, kwa kuwa mshahara wa mwajiri huyo hujulikana na kutajwa kila mahali. Lakini mwajiri mmoja akifunga, hafungi mlango wake peke yake. Muuza nyama, fundi cherehani, mwenye baa na mwenye nyumba wote hula mshahara ule ule.

Tutazame Luanshya. Mgodi wake uliuzwa mwaka 1997, na mwaka 2000 kampuni iliyoununua ikashindwa, mgodi ukawekwa chini ya wafilisi. Ukapata mwenyeji mwingine. Bei ya shaba ilipoporomoka mwishoni mwa 2008 ukasimamishwa tena, na zaidi ya wafanyakazi 1,500 wakaachishwa, mpaka kampuni ya Kichina ilipouchukua mwaka 2009. Au tutazame Kabwe: mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na kiwanda cha nguo cha Mulungushi, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikasimama mwaka 2007. Karibu zaidi na kwetu, kiwanda cha betri cha Mansa kilifungwa miaka ya 1990, nalo shamba la chai la Kawambwa limepita mikononi mwa wenyeji mbalimbali na kusimama zaidi ya mara moja.

Mgeni akifika katika mji wa namna hii huona vyumba vya kupanga ni vingi na kodi ni nafuu, akafurahi. Asifurahi upesi. Mara nyingi kodi hushuka mahali ambapo wapangaji wamekwisha kuondoka. Aulize kwanza walikokwenda.

Siku hizi kila mtu anataja Solwezi. Ni kweli kwamba mkoa wa Kaskazini-Magharibi umekuwa na shaba nyingi tangu Kansanshi ilipoanza uzalishaji mkubwa mwaka 2005, ikafuata Lumwana mwaka 2008, kisha Kalumbila. Lakini machimbo yale ni ya shimo la wazi. Magari makubwa na mitambo hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mamia ya watu kwa sururu na koleo. Kinachotakiwa pale ni dereva mwenye leseni ya mtambo, fundi umeme, fundi wa kuchomea mwenye cheti. Mwenye cheti aende. Asiye nacho atajikuta kwenye foleni ya makandarasi pamoja na maelfu wengine waliosikia habari ile ile.

MIJI YA MILANGO MINGI

Kitwe na Ndola, pamoja na matatizo yao yote, zina milango mingi: karakana zinazotengeneza vipuri vya machimbo, viwanda vya unga na vinywaji, maghala, malori, ujenzi, masoko. Ndola ilipoteza viwanda vingi miaka ya 1990, hilo linajulikana, lakini mji haukufa kwa sababu haukutegemea kimoja. Lusaka ina milango mingi kuliko yote, na kodi ya kumaliza akiba yako upesi kuliko kote.

Hapa lugha ni mtaji ambao wengi husahau kuuhesabu. Anayetoka Nchelenge anazungumza Kibemba, na Kibemba ndicho lugha ya Ukanda wa Shaba. Siku ya kwanza anaweza kuuliza kazi, kubishana bei na kuelewa anapodanganywa. Lusaka atahitaji Kinyanja. Mazabuka atawakuta Watonga. Haya si vikwazo, lakini ni wiki kadhaa za ujinga, na wiki ni fedha.

Na kwa wasomaji wa mwambao huu waliojifunza Kiswahili kwa jirani zetu wa Kilwa, Pweto na Kasenga, kuna milango miwili ambayo haitajwi sana. Mmoja ni Kasumbalesa, mpaka ulio karibu na Chililabombwe, ambako malori ya shaba na mizigo hupita kati ya Zambia na Katanga. Mwingine ni Nakonde, mkabala na Tunduma ya Tanzania, kwenye njia ya reli ya TAZARA na barabara ya Dar es Salaam. Mtu anayejua Kibemba na Kiswahili pamoja ana kazi ya kufanya mahali hapo hata kabla hajaajiriwa: kupakia, kusindikiza mzigo, kuwatafsiria wafanyabiashara. Akina mama wanaouza chisense wanaifahamu vizuri biashara ya namna hii, na mara nyingi wana akili nzuri zaidi ya mji kuliko waume zao. Ni vema waulizwe kabla ya kuamua. Hatari ya mipakani ni kwamba riziki ni ya siku kwa siku, na mpaka ukifungwa kwa mgogoro wowote hakuna wa kumdai fidia.

Anayefikiria kuvuka mpaka kabisa, mpaka Lubumbashi, ahakikishe hati zake kwanza. Na ndugu walio Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, wasisafiri kwenda mjini kabla ya kuuliza ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi kuhusu kibali.

KALENDA

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba ziwa hufungwa wakati ambapo kazi nyingi nyingine nazo zimefungwa. Uvunaji wa miwa katika mashamba ya Nakambala, Mazabuka, huanza kama Aprili na kumalizika karibu na mwisho wa mwaka. Mvuvi anayeondoka Desemba atafika wakati wakata miwa wanafungasha. Kazi za ujenzi hupungua wakati wa mvua na kuchangamka baada ya Aprili. Viwanda vingi husimama Krismasi na mwaka mpya, na Januari wazazi wengi wa mji wanatafuta fedha za mahitaji ya shule, kwa hiyo kila kibarua kina watu wanaokigombea. Kazi kubwa inayolingana na kufungwa kwa ziwa ni ya tumbaku, Choma na Mkushi, ambako majani huchumwa na kukaushwa kuanzia karibu na Januari. Ni kazi nzito na malipo yake hayasifiwi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: miezi mitatu ya kufungwa ziwa itumike kwenda kutazama. Kuhama kwenyewe kungoje. Aende mtu mmoja, bila mke na watoto, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, vyeti vyake na barua ya mwajiri wa zamani kama anayo. Tangu daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008 hakuna tena kungoja kivuko cha Luapula, na kutoka Mansa mpaka Mufulira kupitia kipande cha Kongo si safari kubwa. Akifika, asubuhi asimame kwenye mageti matatu tofauti, asiganda kwenye moja. Awahesabu wanaongojea. Awaulize wamengojea siku ngapi, na mara ya mwisho nani alichukuliwa na kwa kazi gani. Watu walio getini hawana sababu ya kuupamba mji.

FEDHA NA NDUGU

Hesabu ya fedha ni fupi, na lazima ifanywe kabla ya kupanda basi. Toa kwanza nauli ya kurudi, ikunje, ishone kwenye nguo kama wazee walivyofanya, au mwachie ndugu unayemwamini. Kinachobaki kigawe kwa gharama ya siku moja: chakula, kodi, na nauli ya mjini, kwani anayetafuta kazi hupanda magari kila siku. Jibu ni idadi ya siku zako. Kama ni ishirini, mji huo huuwezi, hata kama una kazi, kwa sababu anayeajiriwa siku ya ishirini bado atangoja mpaka mwisho wa mwezi alipwe.

Ndugu wa mjini hupunguza kodi, lakini naye ni mfanyakazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, na mjini jembe ni unga. Aandikiwe au apigiwe simu mapema, aulizwe wazi wazi atakukaa naye muda gani, na ufike na kitu mkononi. Samaki mkavu wa Mweru ana thamani zaidi Kitwe kuliko Kashikishi.

GETINI UNA THAMANI KWA MWAJIRI

Hili tunalisema kama chama. Mtu aliyefika mjini akiwa na njaa ni silaha nzuri mikononi mwa mwajiri mbaya. Atamwajiri kwa nusu ya malipo, bila karatasi, kisha awaambie wenye kazi kwamba kuna wanaoitaka kwa bei hiyo. Tazama mahali unapochukuliwa upesi mno. Uliza kama kuna mgogoro au mgomo ndani. Kabla ya kuingia, tafuta tawi la chama: la wachimbaji, ambao Mineworkers Union of Zambia yao ina makao makuu Kitwe, la mashamba, National Union of Plantation, Agricultural and Allied Workers, au la kazi nyingine yoyote iliyopo pale. Tawi haligawi kazi, lakini litakuambia kiwango cha malipo cha kazi hiyo, makandarasi gani hawalipi, na geti gani watu wamefukuzwa wiki iliyopita. Na yeyote anayetaka fedha ili akuingize kazini, iwe nyapara au dalali, mpite.

Ikifika wiki ya mwisho ya Februari na hakuna kilichopatikana, ile nauli iliyoshonwa itolewe. Tarehe 1 Machi ziwa hufunguliwa, na mwenye nyavu zake ataingia majini pamoja na wenzake, akiwa sasa anazijua foleni za mageti matatu na amekwisha kusikia ni mwezi gani hupungua.